UZI: Kupunguza picha ndani ya kivinjari kabla ya kupakia (makuti yanatoa mawimbi, simu zinakwama)

Nahodha_Shela

Salaam aleikum wanajukwaa. Natengeneza fomu ya tovuti ya nyumba za wageni, za Shela na za Mkomani, huku Lamu. Wenye nyumba wanapiga picha kwa simu zao na kuzipakia wenyewe. Picha moja ina MB 4 hadi 8, na nyumba moja ina picha 15 au zaidi. Ukizidisha utaona bando linaloteketea, na mtandao wenyewe mnaujua unavyokuwa jioni.

Nataka kivinjari kipunguze picha hadi upande mrefu uwe pikseli 1600, ndipo itoke kwenye simu. Kodi (msimbo wa programu) ni ile ya kawaida: `drawImage` kwenye kanvasi (eneo la kuchorea la kivinjari), kisha `toBlob`, inayotoa blob, yaani picha mpya kama faili. Inafanya kazi, ila kuna mambo manne:

1. Picha za paa la makuti na za milango ya nakshi zinatoka na mawimbi na mistari iliyokatika, vitu ambavyo havimo kwenye picha asili.
2. Simu zenye kumbukumbu ndogo: ukichagua picha nyingi kwa pamoja, ukurasa unajifunga na kuanza upya.
3. Picha za iPhone za megapikseli 48 wakati mwingine zinatoka tupu kabisa.
4. Nembo za PNG zinapata mandharinyuma nyeusi.

Wenye ujuzi naomba maelezo ya kina, sababu na dawa.

FundiKivinjari

Waaleikum salaam. Naanza na makuti, maana hilo ndilo linalowashinda wengi.

Chukua picha ya 4032 × 3024 unayotaka iwe 1600 × 1200, na kijipicha cha 400 × 300. Kwa kijipicha, kila pikseli mpya inatakiwa kubeba rangi ya eneo la pikseli 10 kwa 10 hivi za zamani, yaani kama pikseli 100. Lakini kivinjari kikiwa kwenye ulainishaji wa kiwango cha chini, na hicho ndicho kiwango cha kanvasi usipoigusa, kinaangalia pikseli 4 tu za jirani, 2 kwa 2. Zile 96 zilizobaki hazitazamwi kabisa.

Kwenye ukuta wa chokaa hutaona tofauti, kwa kuwa pikseli ya jirani inafanana na mwenzake. Kwenye makuti ni balaa. Kila kuti lina ukanda wa mwanga na ukanda wa kivuli, na kanda hizo zinarudiana kwa nafasi karibu sawa kutoka upenu hadi kileleni. Kivinjari kikidokoa pikseli moja kila baada ya kumi, mara kinaangukia mwanga mfululizo, mara kivuli mfululizo, na hapo ndipo yanapozaliwa mawimbi mapana yanayopita juu ya paa. Mkeka, wavu wa samaki, dirisha la mbao za kimia na nakshi ya mlango vyote vinaugua ugonjwa huo huo.

Dawa ya kwanza ni mstari mmoja (`c` ni `getContext('2d')` ya kanvasi, ile unayochorea):

`c.imageSmoothingQuality = 'high';`

Uandike baada ya kuweka `width` na `height` za kanvasi. Ukiuandika kabla haufai kitu, kwa sababu kubadilisha vipimo vya kanvasi kunafuta mipangilio yote ya `c` na kuirudisha ilivyokuwa. Chrome na Safari zinauheshimu. Firefox kwa muda mrefu haikuwa nao, kwa hiyo usiuachie kazi peke yake.

Dawa ya pili inafanya kazi kila mahali: punguza kwa nusu, hatua kwa hatua. Ukipunguza kwa nusu kamili, zile pikseli 2 kwa 2 zinazotazamwa ndizo hizo hizo zinazotakiwa, hakuna inayorukwa. Kwa kijipicha: 4032, 2016, 1008, 504, kisha 400. Kwa picha kubwa: 4032, 2016, 1600. Hatua ya mwisho inakuwa chini ya nusu, na hiyo haina madhara.

BintiLangoni

Naongezea kodi ili isibaki maneno matupu. Hii inatatua namba 1 na 4, na sehemu kubwa ya 2 na 3:

```
async function punguza(faili, upeo = 1600, ubora = 0.8) {
  const url = URL.createObjectURL(faili);
  const img = new Image();
  img.src = url;
  try {
    await img.decode();
    let w = img.naturalWidth, h = img.naturalHeight;
    const uwiano = Math.min(1, upeo / Math.max(w, h));
    const W = Math.round(w * uwiano);
    const H = Math.round(h * uwiano);
    let chanzo = img;
    do {
      const nw = Math.max(W, Math.ceil(w / 2));
      const nh = Math.max(H, Math.ceil(h / 2));
      const k = document.createElement('canvas');
      k.width = nw; k.height = nh;
      const c = k.getContext('2d');
      c.fillStyle = '#fff';
      c.fillRect(0, 0, nw, nh);
      c.imageSmoothingQuality = 'high';
      c.drawImage(chanzo, 0, 0, nw, nh);
      if (chanzo !== img) chanzo.width = chanzo.height = 0;
      chanzo = k; w = nw; h = nh;
    } while (w > W || h > H);
    const blob = await new Promise(r =>
      chanzo.toBlob(r, 'image/jpeg', ubora));
    chanzo.width = chanzo.height = 0;
    return blob;
  } finally {
    URL.revokeObjectURL(url);
  }
}
```

Mambo ya kuangalia humo:

`Math.min(1, ...)` inazuia picha ndogo isikuzwe. Wenye nyumba wengi watakuletea picha zilizokwisha kupita WhatsApp, na hizo zimeshapunguzwa. Ukizikuza hadi 1600 unaongeza baiti bila kuongeza hata chembe ya undani. Waambie wakitumiana picha za tovuti wazitume kama hati, ndipo ile asili inafika ilivyo.

Mstari wa `fillRect` ndio jibu la namba 4. JPEG haina uwazi. Sehemu iliyo wazi kwenye kanvasi ni nyeusi isiyoonekana, na ukiitoa kama JPEG ile hali ya kutoonekana inaondoka, weusi unabaki. Paka nyeupe kwanza. Ila kwa nembo hasa, bora uiache PNG na usiipitishe JPEG kabisa, maana herufi zenye kingo kali zinapata ukungu pembeni.

Nimetumia `createObjectURL` badala ya kusoma faili kama maandishi ya base64. Base64 inaongeza theluthi moja ya ukubwa, tena yote inakaa kwenye kumbukumbu kama mfuatano mmoja mrefu wa herufi. Na `revokeObjectURL` iko ndani ya `finally` ili picha ikigoma kufunguka, kumbukumbu iachiliwe vile vile.

Mkunazi

Dada BintiLangoni ameeleza vizuri. Kuhusu simu kujifunga (namba 2), hesabu yake iko wazi na inafaa kila mmoja aijue.

Ukubwa wa faili haukuambii kitu kuhusu kumbukumbu. JPEG ya MB 4 ikifunguliwa inakuwa pikseli tupu, na kila pikseli inakula baiti 4: nyekundu, kijani, buluu na uwazi. Kwa hiyo:

- 4032 × 3024 = pikseli 12,192,768, mara 4 = MB 48.8
- 8064 × 6048 = pikseli 48,771,072, mara 4 = MB 195
- 12000 × 9000 (simu za megapikseli 108) = MB 432

Hiyo ni picha moja iliyofunguliwa, kabla hujagusa kanvasi. Ukiandika `Promise.all` (kuzichakata zote kwa pamoja) juu ya picha 15 za megapikseli 12, unaiomba simu iwe na MB 730 kwa dakika hiyo hiyo. Simu ya GB 2 inaua ukurasa, na mtumiaji anaona fomu tupu.

Fanya moja moja:

```
for (const f of faili) {
  const b = await punguza(f);
  await tuma(b, f.name);
}
```

Itume papo hapo, kisha ndiyo uende ya pili. Usirundike blob zote hadi mwisho. Kuna faida nyingine: mtandao ukikatika kwenye picha ya tisa, nane za kwanza zimeshafika, na mtu haanzi upya. Mwonyeshe pia mahali alipofika, "picha ya 4 kati ya 15", asije akafunga ukurasa akidhani umekwama.

Ile `chanzo.width = chanzo.height = 0` msiidharau. Safari hasa inachelewa kuachilia kumbukumbu ya kanvasi zisizotumika, na kuifanya sifuri ndiyo njia ya kuilazimisha.

Na vijipicha vya kumwonyesha mtumiaji alichochagua, usiweke faili asili ndani ya `<img width="120">`. Kuibana hivyo kunabadilisha mwonekano tu. Picha nzima bado inafunguliwa. Onyesha ile iliyokwisha kupunguzwa.

FundiKivinjari

Namba 3, iPhone kutoa picha tupu. Safari ya iPhone kwa muda mrefu imekuwa na kikomo cha eneo la kanvasi: pikseli 16,777,216, sawa na 4096 × 4096. Picha ya megapikseli 12 inapita. Ya 48 inazidi karibu mara tatu. Kanvasi ikizidi hapo haitoi kosa la kueleweka. Unachora na hakuna kinachoonekana, `toBlob` inakurudishia `null`, na `toDataURL` inarudisha `data:,` tu.

Angalia lakini: kikomo ni cha kanvasi, si cha picha. Kodi nyingi zinazosambazwa zinaanza kwa kutengeneza kanvasi ya ukubwa wa picha asili, wanachora humo, ndipo wanapunguza. Hiyo kanvasi ya kwanza ndiyo inayokufa. Kodi ya BintiLangoni inachora kutoka kwenye `img` moja kwa moja hadi kanvasi ya nusu, na nusu ya 8064 × 6048 ni 4032 × 3024, inaingia vizuri. Kwa picha ya 12000 × 9000 nusu yake ni 6000 × 4500, milioni 27, hiyo inagoma kwenye iPhone yenye kikomo hicho. Wekeni sharti: nw × nh ikizidi 16,000,000, rukeni hatua hiyo na mchore moja kwa moja kwenye hatua inayofuata. Utapoteza usafi kidogo, lakini picha itatoka.

Na siku zote kagua `if (!blob)` kabla ya kutuma. Seva zimejaa faili za baiti sifuri kwa sababu ya kuukosa mstari huo.

Kipungani

Kuna kitu cha `createImageBitmap` hakijatajwa. Kinapokea faili moja kwa moja na kinaweza kupunguza humo humo:

`createImageBitmap(faili, { resizeWidth: 1600, resizeQuality: 'high' })`

Ukitoa upana peke yake, urefu unajikokotoa wenyewe kwa uwiano. Faida yake kubwa ni kuwa unaweza kukiita ndani ya Worker (kodi inayofanya kazi pembeni ya ukurasa) pamoja na `OffscreenCanvas` na `convertToBlob`, kwa hiyo ukurasa haugandi wakati kazi inaendelea. Mtu anaendelea kuandika maelezo ya nyumba, bei na idadi ya vitanda huku picha zinachakatwa nyuma.

FundiKivinjari

Ni kweli, na kwa Worker ni chombo kizuri. Tahadhari mbili. `resizeQuality` kila kivinjari kinaitekeleza kivyake, hivyo ijaribuni kwa picha ya makuti kwenye simu halisi kabla ya kuiamini. Na ukitoa `resizeWidth: 1600` kwa picha iliyosimama wima, unapata 1600 × 2133, si upande mrefu wa 1600. Lazima ujue vipimo kwanza. Ukishamaliza na bitmap, iite `.close()`, la sivyo tumerudi kwenye hesabu za Mkunazi.

Ukitaka ubora wa juu kuliko wote ndani ya kivinjari, tumieni maktaba ya pica. Inatumia kichujio cha Lanczos, tena inafanya kazi kwa WebAssembly na Worker pale vinapopatikana. Lanczos ya 3 ukipunguza mara 5 inakusanya pikseli 30 kwa upana na 30 kwa urefu kwa kila pikseli mpya, na kila moja inapewa uzito wake. Baada ya hapo unaweza kunoa: `unsharpAmount` kati ya 100 na 200, `unsharpRadius` 0.6. Kwa nakshi za milango hiyo noa kidogo inarudisha ukali wa patasi uliolainika. Kwa uso wa mtu teremka hadi 80, ukizidisha ngozi inakuwa kama imepigwa msasa.

Kama ni fomu ya wageni ya kawaida, hatua za nusu zinatosha. Kama ni kumbukumbu za nakshi au michoro ya plasta ndani ya zidaka (mashubaka ya ukutani), pica inastahili uzito wake wa ziada.

PichaZaGede

Hapo kwenye kumbukumbu pana jambo zito. Kanvasi inatoa pikseli tu. Taarifa zote za EXIF zinapotea: tarehe, saa, aina ya kamera, haki za mpiga picha na mahali pa GPS.

Kwa nyumba ya wageni hiyo ni neema. Mwenye nyumba hataki kila mtu ajue mahali hasa ilipo nyumba yake, na kwa picha zilizopigwa nyumbani kwa watu kuondoa GPS ni wajibu. Lakini kwa anayeandika rekodi za majengo, hali ni kinyume. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na picha ya mlango isiyo na tarehe wala mahali haimsaidii mhifadhi anayetaka kujua mlango ulikuwa na hali gani mwaka gani.

Njia ya kuiokoa: soma faili asili kama baiti. JPEG inaanza na FF D8. EXIF iko kwenye kipande kinachoanza na FF E1, na baiti mbili zinazofuata ni urefu wake. Kikate kizima, kisha kibandike kwenye JPEG mpya mara baada ya FF D8. Hapo tarehe na GPS zimerudi.

Sasa mtego wake: ndani ya kipande hicho kuna namba ya uelekeo, 1 hadi 8. Simu iliyoshikwa wima kwa kawaida huandika 6, maana yake "zungusha digrii 90 kwenda kulia unapoonyesha". Vivinjari vya sasa, tangu matoleo ya 2020, vinaizungusha picha vyenyewe, na `naturalWidth` inakuja tayari imezungushwa. Kwa hiyo pikseli za kanvasi zimeshakaa wima. Ukirudisha EXIF yenye 6 bila kuigusa, picha inazungushwa mara ya pili na nyumba inalala ubavu. Andika 1 mahali pa 6 kabla ya kubandika.

Hii pia ndiyo sababu ya kodi za zamani kuharibu picha siku hizi: zinasoma EXIF na kuzungusha kwa mkono, wakati kivinjari kimeshazungusha. Ukikuta `rotate(90 * Math.PI / 180)` kwenye kodi ya miaka ya nyuma, itoe.

Nahodha_Shela

Allah awajaze kheri. Namba 1 na 4 zimeondoka kwa kodi ya dada. Sasa kuhusu ubora: 0.8 ni sawa kwa zote? Na je, nitumie WebP ili ziwe ndogo zaidi?

BintiLangoni

Kwa picha za kawaida kaa kati ya 0.75 na 0.82. Ukiacha wazi, Chrome inatumia 0.92, na hiyo inaongeza baiti nyingi kwa tofauti ambayo jicho haliioni. Chini ya 0.6 utaanza kuona vigae vya 8 × 8 kwenye anga, hasa anga ya magharibi wakati jua linatua, pale rangi zinapobadilika polepole.

Iwe namba kati ya 0 na 1. Mtu akiandika 80 badala ya 0.8, kivinjari hakilalamiki. Kinaipuuza na kurudi kwenye 0.92, naye atashinda anashangaa kwa nini faili hazipungui.

Usitegemee ukubwa ulio sawa. Kwa 1600 × 1200 na 0.8, ukuta mweupe na bahari iliyotulia ni KB 200 hivi au chini yake. Makuti, majani ya mwembe na kokoto za matumbawe vinaweza kuvuka KB 500 kwa ubora ule ule, kwa kuwa JPEG inalipia kila badiliko la mwanga na kivuli.

Ukiwa na kikomo cha lazima, kama vile fomu za serikali zinazokataa faili zaidi ya KB kadhaa, tafuta kwa kugawa katikati: anza na chini 0.4 na juu 0.9, jaribu 0.65, ikiwa kubwa shusha juu hadi 0.65, ikiwa ndogo pandisha chini. Mara sita zinatosha. Ikiwa hata 0.4 bado ni kubwa, acha ubora na punguza vipimo, 1600 hadi 1280. Picha ndogo iliyo safi inasomeka kuliko kubwa iliyojaa vigae.

WebP ni ndogo kuliko JPEG kwa ubora unaokaribiana, ila Safari inaionyesha tu, haiitengenezi kupitia kanvasi. Ukiiomba `image/webp` inakupa PNG kimya kimya, na PNG ya picha ya kamera inaweza kuwa nzito kuliko faili uliyoanza nayo. Kagua `blob.type` kabla ya kutuma, na kiambishi cha jina la faili kitokane na `blob.type`, si na kile ulichoomba. Kwangu mimi simu itume JPEG, WebP itengenezwe kwenye seva.

PichaZaGede

Na mkiona blob mpya ni nzito kuliko faili asili (hutokea kwa zile za WhatsApp), msikimbilie kutuma asili. Asili inaweza kuwa bado na GPS. Tumeni ile mpya hata kama imezidi kidogo.

Mwanafunzi_Malindi

Samahanini walimu, naomba kuuliza. Picha za iPhone zilizohamishiwa kwenye kompyuta kwa waya zinagoma kabisa kufunguka kwenye Chrome, hata nikibadilisha jina liwe .jpg. Tatizo liko wapi?

Kipungani

Hizo ni HEIC, ndugu, aina nyingine ya faili ya picha. iPhone zinahifadhi hivyo tangu iOS 11 ya mwaka 2017. Kubadilisha jina hakubadilishi kilicho ndani, na Chrome inaangalia baiti. Kwenye Safari mpya zinafunguka, kwenye Chrome hazifunguki.

Unaweza kutambua kwa kusoma baiti 12 za mwanzo: FF D8 FF ni JPEG, 89 50 4E 47 ni PNG, ukikuta herufi `ftyp` kuanzia baiti ya tano, hiyo ni HEIC au ndugu zake. Mpe mtumiaji ujumbe unaoeleweka, mathalani: "Picha hii ni ya HEIC. Ipakie kutoka kwenye iPhone yenyewe." Ujumbe wa "kosa limetokea" haumsaidii mtu.

Kwenye fomu andika `accept="image/jpeg,image/png"`. Mtu akichagua kutoka kwenye albamu ya iPhone, simu inambadilishia kuwa JPEG yenyewe. Na usiweke `capture` kama unataka watu wachague picha za zamani: sifa hiyo inafungua kamera moja kwa moja, na albamu haionekani.

Mkunazi

Jingine litakalowafikia siku moja: mtu analeta malalamiko kuwa picha zimepanda zikiwa michirizi ya rangi tupu. Huyo anatumia Firefox iliyowashwa `privacy.resistFingerprinting`, au kivinjari cha Tor. Ulinzi huo unabadilisha makusudi kile kinachosomwa kutoka kwenye kanvasi, ili tovuti zisimtambue mtu kwa njia hiyo. Usimwambie azime ulinzi wake. Jaribu kwanza: tengeneza kanvasi ndogo, ijaze rangi moja unayoijua, isome kwa `getImageData`, ulinganishe. Namba zikiwa mbali na ulichopaka, ruka upunguzaji na tuma faili asili, seva ipunguze. Mwonye tu kuwa itakula bando zaidi.

Ndiyo maana seva lazima ibaki na uwezo wa kupokea faili kubwa. nginx (programu ya seva) bila kuguswa inakataa zaidi ya MB 1 na kurudisha kosa la 413; mpangilio wake ni `client_max_body_size`. PHP ina `upload_max_filesize` ya MB 2 na `post_max_size` ya MB 8. Wekeni MB 20 kwa zote tatu.

Na seva isiamini chochote. Upunguzaji wa kwenye kivinjari ni wa kuokoa bando na muda wa mtumiaji. Mtu anaweza kuiruka JavaScript na kutuma anachotaka. Seva ifungue picha, ihakikishe ni picha, iitengeneze upya, ndipo iihifadhi.

Nahodha_Shela

Nimeelewa. La mwisho: 1600 moja inatosha kwa kuonyesha, au nihifadhi saizi kadhaa? Na kuna mwenye nyumba anataka picha hizo hizo kwa kipeperushi cha kuchapisha.

FundiKivinjari

Kwa kuonyesha, seva itoe 480, 960 na 1600, halafu:

```
<img src="paa-960.jpg"
  srcset="paa-480.jpg 480w, paa-960.jpg 960w, paa-1600.jpg 1600w"
  sizes="(max-width: 700px) 100vw, 480px"
  width="960" height="720" loading="lazy"
  alt="Paa la makuti na baraza, Shela">
```

Simu yenye kioo cha upana wa 360 na uwiano wa pikseli 2 inahitaji 720, kwa hiyo itachukua ya 960 na kuiacha 1600. `width` na `height` ziandikwe siku zote, ili nafasi itengwe mapema na maandishi yasirukeruke picha zinapoingia. `loading="lazy"` usiiweke kwenye picha ya kwanza ya juu, hiyo inatakiwa ianze kupakuliwa mara moja.

Kuchapisha ni habari nyingine. Pikseli 1600 kwa 300 kwa inchi ni sentimita 13.5 tu. Ukurasa mzima wa A4 unataka 2480 × 3508. Mwenye nyumba amletee mchapishaji faili asili kutoka kwenye simu, kwa waya au kama hati. Zile za tovuti zisiende kiwandani.

Mwanafunzi_Malindi

Na kwa asiyejua kodi, mwenye picha tano tu?

BintiLangoni

Fungua squoosh.app kwenye kivinjari. Picha inachakatwa ndani ya kifaa chako mwenyewe, haipelekwi kwenye seva. Buruta picha, washa Resize, andika 1600 kwenye upana kama picha imelala, au kwenye urefu kama imesimama, acha kichujio cha Lanczos3, chagua MozJPEG na ubora 75. Katikati kuna mstari unaosogea: upande mmoja asili, upande wa pili mpya. Kuza hadi asilimia 100 na uusogeze mstari huo juu ya makuti au nakshi, usihukumu kwa anga. Pale kwenye makuti ukiona kanda zinasimama zilivyo, pakua.

Kipungani

Kwa Nahodha, ukimaliza ijaribu fomu kwa picha hizi kabla ya kuwapa watu: makuti yaliyopigwa kwa mbali, mlango wa nakshi kwa karibu, picha iliyosimama wima kutoka Android, ya megapikseli 48 kutoka iPhone, nembo ya PNG iliyo wazi, picha iliyopita WhatsApp, na HEIC iliyopewa jina la .jpg. Kisha zichague zote saba kwa pamoja kwenye simu ya GB 2.